Mwiba wa Pili Kutoka Kichwani

Injinia Shemhilu alichora samaki ubaoni,
samaki mkavu, hana nyama wala magamba,
kichwa kimeelekea mlango wa ghala,
na ndani ya kichwa akaandika: UZI UNAKATIKA.
Kisha miiba. Mashine. Malighafi. Vipimo.
Hali ya hewa. Utaratibu.
Na ule wa pili kutoka kichwani, Watu.

Tulikuwa kumi na mmoja, Pongwe, kiwandani,
zamu ya asubuhi imekwisha,
vumbi la katani limetuganda kwenye kope.
"Jazeni," akasema, "kila mtu na sababu yake."

Sisi wa Tanga hatufundishwi samaki.
Tunajua mwiba mdogo ndio unaokaba koo.
Lakini chaki, ilivyopita mkono kwa mkono,
ilikimbilia mwiba ule ule:
uzembe, usingizi, simu, soga,
na mwishoni, kwa herufi ndogo za mtu anayejificha,
Saumu.

Mwiba wa Mashine ulibaki mtupu.
Kuandika mashine ni kumwandika aliyeinunua.

Saumu yuko namba nne. Alikuwa amesimama nyuma yangu,
anachambua singa kwenye mkono wa koti,
moja moja,
kama mtu asiyejua kusoma.
Anajua kusoma.

Mimi kazi yangu ni daftari:
mashine imesimama saa ngapi, imeamka saa ngapi.
Usiku, nyumbani Makorora, mwanangu amelala
na rula yake iko mezani,
nikajumlisha mwezi mzima nikachora nguzo.
Namba tatu, mara sitini.
Namba nne, sitini na moja.
Namba tano, hamsini na tisa.
Nguzo zimelingana kama askari wa gwaride.
Nguzo ni mchoro wa kumsaka mrefu,
na hapa mrefu hakuwepo.
Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka.

Nikageuza karatasi, nikachora mti,
nikachimba kwenda chini.
Uzi unakatika, kwa nini?
Singa zina mafundo.
Kwa nini?
Kitana kimeng'oka meno.
Kwa nini?
Hakijabadilishwa tangu Mwenge ulipopita, si mwaka huu, ule mwingine.
Kwa nini?
Fungu la vipuri limekatwa.
Kwa nini?
Mauzo yameshuka.
Kwa nini?
Hapo kalamu ikasita,
maana jibu nilishaliandika juu kabisa, mstari wa kwanza.
Mzizi ulikuwa umepanda ukashika tawi.

Basi si samaki, si nguzo, wala si mti.
Nilichora kata,
kata kama ile ya kanga kuukuu
anayoviringisha mtu kabla ya kujitwika ndoo:
uzi, mauzo, fungu, kitana, mafundo, uzi.
Ukianzia popote unarudi hapo hapo.
Wahenga walisema mwiba hutokea ulipoingilia.
Huu ulikuwa haujatoka. Ulikuwa unazunguka mwilini.

Jumatatu sikumfuta samaki wa watu.
Nilichora kando yake.
Meneja Kihiyo akavua miwani, akaivaa tena.
"Kichwa kiko wapi?"
"Kata haina kichwa, bwana.
Kichwa huwa chini yake."

Nilidhani mtu atacheka.
Feni ilizunguka.
Injinia akasogea ubaoni, akagusa neno fungu kwa kidole,
kidole kikatoka cheupe, akakifuta kwenye suruali,
akasema, taratibu, kama anayejiambia mwenyewe,
"Mimi ndiye niliyesaini."

Vitana havijaja. Wanasema vimeagizwa.
Leo namba nne imesimama mara tatu,
namba tano mara tatu,
nimeandika.
Mfagizi amepitisha kitambaa ubaoni,
samaki ameondoka, na kata imeondoka.
Ila aliyeandika lile jina aliikandamiza chaki;
ukisimama upande wa dirisha, jua likiwa la saa tisa,
bado linasomeka.
Nimelowesha pembe ya kanga yangu.
Nasubiri watu watoke.